PSAT na SAT: Ugumu wa Mtihani wa Awali na wa Mtihani Kamili

Mwanafunzi wa sekondari nchini Marekani anayelenga chuo kikuu hukutana na mitihani miwili iliyo ndugu. Wa kwanza ni PSAT, mtihani wa awali unaofanyika shuleni mwezi wa Oktoba. Wa pili ni SAT, mtihani kamili ambao matokeo yake hutumwa vyuoni pamoja na maombi ya kujiunga. Yote miwili hutungwa na College Board, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1900 ili vyuo viwe na mtihani mmoja wa kuingilia badala ya kila chuo kutunga wake. Kila mwaka wanafunzi, wazazi na walimu huuliza upi kati ya hiyo miwili ni mgumu zaidi, na kila mwaka hujibiwa kwamba SAT imeizidi PSAT kidogo.

Jibu hilo ni sahihi, ila halimsaidii mtu sana. Ugumu wa mtihani una pande nne: maswali yenyewe, muda wa kuyajibu, jinsi majibu yanavyogeuzwa kuwa alama, na uzito wa matokeo katika maisha ya mtahiniwa. PSAT na SAT za leo zinakaribiana mno katika pande mbili za kwanza. Katika upande wa tatu tofauti ipo, lakini haiko pale ambapo wengi huitafuta. Upande wa nne ndio unaozitenganisha hasa.

Mitihani hii ilivyozaliwa

SAT ndiyo iliyotangulia. Ilifanywa kwa mara ya kwanza tarehe 23 Juni 1926 na watahiniwa zaidi ya 8,000. Aliyeongoza utungaji wake alikuwa Carl Brigham wa Chuo Kikuu cha Princeton, mwanasaikolojia aliyewahi kufanya kazi na vipimo vya akili vya jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Asili hiyo ilionekana wazi katika toleo la kwanza: maswali zaidi ya 300 kwa muda usiofika dakika 100. Hakukuwa na nafasi ya kutafakari. Aliyefikiri polepole alishindwa hata kama alijua.

PSAT ilizaliwa mwaka 1959, miaka 33 baadaye. Ilikuwa toleo fupi la SAT lenye maswali ya aina ileile, lililokusudiwa kumwonyesha mwanafunzi mapema mahali anapoelekea. Hata mizani ya alama ilieleza nia hiyo. SAT ilitoa alama kati ya 200 na 800 kwa kila sehemu, na PSAT ikatoa kati ya 20 na 80. Aliyepata 55 katika mtihani wa awali aliongeza sifuri moja tu, akajua kwamba anaelekea kwenye 550.

Mwaka 1971 mtihani huo wa mazoezi ulipewa kazi ya pili. National Merit Scholarship Corporation, shirika lililoanzishwa mwaka 1955 kutoa ufadhili wa masomo kwa wanafunzi bora, liliacha kutumia mtihani wake na kuanza kuwachuja waombaji kwa alama za PSAT. Tangu hapo jina kamili la mtihani huo limekuwa PSAT/NMSQT, herufi za mwisho zikisimamia mtihani wa kufuzu ufadhili. Mtihani uliokuwa wa kujipima tu ukaanza kugawa fedha.

Fedha zilipoingia, malalamiko yakafuata. Katika miaka ya 1990 shirika la FairTest lilipeleka malalamiko kwa serikali kwamba wasichana walipata sehemu ndogo ya ufadhili kuliko ilivyostahili, kwa sababu wastani wa alama zao za PSAT ulikuwa chini ya ule wa wavulana ilhali darasani walifanya vizuri zaidi. Katika suluhu iliyofikiwa, PSAT iliongezewa sehemu ya uandishi mwaka 1997. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa mtihani wa awali ulikuwa na sehemu ambayo mtihani kamili haukuwa nayo, hadi SAT nayo ilipoongezewa uandishi na insha mwaka 2005 na alama yake ya juu ikafika 2400. PSAT haikupewa insha. Kati ya 2005 na 2014, basi, pengo la ugumu lilikuwa kubwa: SAT ilikuwa ndefu zaidi, ilidai insha papo hapo, na ilimchosha mtahiniwa kwa namna ambayo mtihani wa awali haukumwandaa.

Mageuzi ya Oktoba 2015 kwa PSAT na Machi 2016 kwa SAT yaliisogeza tena mitihani hiyo pamoja. Insha ilifanywa ya hiari, kisha ikaondolewa kwa watahiniwa wengi mwaka 2021. Adhabu ya kukatwa sehemu ya alama kwa jibu lisilo sahihi ilifutwa katika mitihani yote miwili. Hatua ya mwisho ilikuwa kuhamia kwenye kompyuta: SAT nje ya Marekani Machi 2023, PSAT Oktoba 2023, na SAT ndani ya Marekani Machi 2024. Hapo sura za mitihani hiyo zikawa karibu sawa kabisa. Ushauri mwingi unaosikika bado, kwamba PSAT ni fupi na haina mambo mengi ya SAT, ni wa enzi zilizopita.

Maswali yenyewe

Katika umbo la sasa, kila mmoja wa mitihani hii una sehemu mbili: Kusoma na Kuandika, na Hisabati. Kila sehemu imegawanywa katika moduli mbili. Kusoma na Kuandika kuna maswali 54, Hisabati kuna 44, jumla 98. Idadi hiyo ni moja kwa PSAT na kwa SAT.

Katika Kusoma na Kuandika ni vigumu kuona tofauti yoyote. Kila swali lina kifungu chake kifupi cha maneno kati ya 25 na 150, na maeneo manne yanayopimwa ni yaleyale kwa uwiano uleule: ufundi na muundo wa matini, ambao pamoja na mengine hupima msamiati katika muktadha; taarifa na mawazo, yaani kuelewa hoja na ushahidi; kanuni za Kiingereza sanifu, yaani sarufi na alama za uandishi; na uwasilishaji wa mawazo. Mwanafunzi akipewa swali moja la sarufi bila kuambiwa limetoka wapi, hawezi kusema kwa uhakika kama ni la Oktoba shuleni au la Jumamosi ya SAT. Tofauti iliyopo ni ya mchanganyiko: maswali ya kiwango cha juu kabisa huwa mengi zaidi katika SAT.

Hisabati ndiyo yenye tofauti inayoweza kuonyeshwa kwa kidole. Aljebra ya mistari inachukua takribani asilimia 35 ya maswali katika mitihani yote miwili. Hisabati ya juu, yaani milinganyo ya kipeo cha pili, vipeo na fomyula zisizo za mstari, inachukua asilimia 35 katika SAT na pungufu kidogo katika PSAT. Jiometri na trigonometria ni takribani asilimia 15 katika SAT na 12.5 katika PSAT. Nafasi inayobaki katika PSAT hujazwa na takwimu, uwiano na asilimia, mada ambazo mwanafunzi wa darasa la 10 au la 11 amekwisha kuzigusa.

Zipo pia mada zinazopatikana katika SAT pekee. Mlinganyo wa duara ni mfano mzuri. Mtahiniwa wa SAT anaweza kupewa x² + y² − 6x + 8y = 11 akaambiwa atafute nusu kipenyo. Lazima akamilishe miraba, apate (x − 3)² + (y + 4)² = 36, ndipo aone kwamba jibu ni 6. Kwenye PSAT swali hilo halitokei. Kadhalika, kupima uhalali wa dai la utafiti, kwa mfano kuamua kama uchunguzi wa kutazama tu unaweza kuthibitisha kwamba jambo moja limesababisha jingine, ni mada ya SAT.

Kwa upande mwingine, maswali mengi yangeweza kukaa katika mtihani wowote kati ya hiyo miwili. Chukua milinganyo kx − 3y = 4 na 4x − 6y = 7, na swali: k iwe ngapi ili mfumo huo usiwe na suluhisho? Mwanafunzi anayejua kwamba mistari isiyokutana ina mteremko mmoja atalinganisha k na 4 kama 3 na 6, apate 2. Asiyejua hilo ataona swali ni gumu, awe amekaa kwenye PSAT au kwenye SAT. Pengo la mada, kwa ujumla, ni la maswali machache kati ya 98. Kwa mtahiniwa wa kiwango cha kati pengo hilo halionekani. Kwa anayelenga kilele, ndiko mashindano yote yalipo.

Muda

Shinikizo la muda lilikuwa moja ya tofauti za kweli wakati mitihani ilipofanywa kwenye karatasi. Kati ya 2016 na 2023 SAT ilikuwa na maswali 154 kwa dakika 180, na PSAT maswali 139 kwa dakika 165. Ukigawanya muda kwa maswali, wastani unakaribiana: sekunde 70 kwa swali la SAT na 71 kwa la PSAT. Lakini wastani huo ulificha jambo. Katika sehemu ya hisabati isiyoruhusu kikokotoo, SAT ilitoa dakika 25 kwa maswali 20, yaani sekunde 75 kwa kila moja, huku PSAT ikitoa dakika hizohizo 25 kwa maswali 17, yaani sekunde 88. Sehemu ambayo wanafunzi wengi waliiogopa zaidi ndiyo iliyobana zaidi katika mtihani kamili.

Siku hizi tofauti hiyo haipo. Mitihani yote miwili hutoa dakika 64 kwa Kusoma na Kuandika na dakika 70 kwa Hisabati, jumla saa 2 na dakika 14, pamoja na mapumziko ya dakika 10 katikati. Mtahiniwa ana takribani sekunde 71 kwa kila swali la kusoma na sekunde 95 kwa kila swali la hisabati. Kikokotoo cha Desmos kimo ndani ya programu ya Bluebook na kinaruhusiwa katika hisabati yote. Uchovu, ambao zamani ulikuwa hoja kubwa dhidi ya SAT, sasa ni uleule katika mitihani yote miwili.

Alama zinavyokokotolewa

Upande huu ndio unaoeleweka vibaya kuliko pande zote. Alama za SAT huanzia 400 hadi 1600, na za PSAT/NMSQT huanzia 320 hadi 1520. Ipo pia PSAT 8/9, ya wanafunzi wadogo zaidi, yenye alama kati ya 240 na 1440. Wengi wakiona 1520 hudhani kwamba PSAT imepunguziwa alama 80, hivyo mwenye 1200 anapaswa kujiongezea kiasi fulani ili kujua ingekuwa ngapi kwenye SAT. Sivyo. Mizani ni moja. Mwanafunzi aliyepata 600 ya hisabati katika PSAT anahesabiwa kuwa na uwezo sawa na aliyepata 600 katika SAT. Kama angefanya SAT siku ileile, angetarajiwa kupata palepale.

Mitihani hii ni kama tepu mbili za fundi cherehani zenye sentimita sawa, moja imekatwa karibu na mwisho. Nguo fupi inapimwa sawasawa na tepu zote mbili. Ndefu sana inahitaji ile ndefu. PSAT haina maswali magumu ya kutosha kumtofautisha mwanafunzi bora na aliye bora kupindukia, kwa hiyo haitoi ushahidi wa alama zilizo juu ya 760 kwa kila sehemu. Mwenye 1520 kwenye PSAT anaweza kuwa mtu wa 1520 au mtu wa 1600. Mtihani umemfikisha mwisho wa kipimo chake ukanyamaza.

Kutokana na mizani hiyo ya pamoja hufuata jambo linalowashangaza wengi: maswali mepesi hayampi mtahiniwa alama za bure. Wataalamu wa upimaji hulinganisha matoleo kwa kuzingatia ugumu wa kila swali. Mtihani ukiwa mwepesi, mtahiniwa hutakiwa kupata maswali mengi zaidi ili afikie alama ileile. Karibu na kilele cha PSAT, kosa moja la uzembe huweza kumgharimu mtahiniwa zaidi kuliko kosa kama hilo kwenye SAT, kwa sababu hakuna maswali magumu aliyoyapata ya kufidia. Kwa mtu anayetafuta alama za juu kabisa, mtihani wenye maswali mepesi hudai usahihi mkubwa zaidi.

Mfumo wa kompyuta umeongeza jambo jingine. Moduli ya kwanza ya kila sehemu ina mchanganyiko wa maswali rahisi, ya kati na magumu. Mtahiniwa akifanya vizuri, moduli ya pili humletea maswali magumu zaidi. Akifanya vibaya, humletea mepesi zaidi, na njia ya kufikia alama za juu humfungikia. Katika chumba kimoja, basi, watahiniwa wawili waliokaa bega kwa bega huweza kuwa wanafanya mitihani yenye ugumu tofauti. Mwanafunzi hodari aliyepelekwa kwenye moduli ngumu ya PSAT anakabiliana na maswali mazito kuliko mwanafunzi dhaifu aliyepelekwa kwenye moduli nyepesi ya SAT. Tofauti ya ugumu kati ya njia mbili za mtihani mmoja huweza kuzidi tofauti kati ya PSAT na SAT zenyewe. Ndiyo maana masimulizi ya wanafunzi kuhusu mtihani upi uliwatesa zaidi hayaaminiki sana kama ushahidi: kila mmoja anasimulia mtihani wake.

Kulinganisha wastani wa alama nako hakusaidii. Wastani wa SAT kwa waliomaliza sekondari mwaka 2023 ulikuwa 1028, na kwa wa mwaka 2024 ulikuwa 1024. Takwimu za PSAT hutoka kwa kundi tofauti: wanafunzi wadogo kwa umri, mara nyingi darasa zima lililofanyishwa mtihani na shule. Watahiniwa wa SAT wamesoma muda mrefu zaidi, na wengi wao wamejiandikisha wenyewe kwa sababu wanakusudia kwenda chuo. Wastani huo unaeleza walioketi mezani, hauelezi karatasi iliyowekwa mbele yao.

Umri na ukuaji

Sehemu kubwa ya ugumu unaohisiwa hutokana na wakati mtihani unapofanyika. PSAT humkuta mwanafunzi mwanzoni mwa darasa la 11, wengine hata la 10. Baadhi ya mada za hisabati ya juu bado hajafundishwa. Miezi kadhaa baadaye, SAT inamkuta amezisoma. Hivyo mwanafunzi huweza kutoka kwenye mtihani kamili akisema ulikuwa mwepesi kuliko wa awali, na akawa hajakosea kwa upande wake, ingawa maswali yalikuwa magumu zaidi.

College Board yenyewe imeuweka ukuaji huo katika viwango vyake vya utayari wa chuo. Kwa SAT, kiwango ni 480 katika Kusoma na Kuandika na 530 katika Hisabati. Kwa mwanafunzi wa darasa la 11 anayefanya PSAT, ni 460 na 510. Kwa darasa la 10 ni 430 na 480. Viwango hivyo haviwi vidogo kwa sababu PSAT ina mizani tofauti. Ni vidogo kwa sababu mwanafunzi anatarajiwa kuendelea kujifunza. Kutoka darasa la 11 hadi SAT, matarajio ni ongezeko la alama 20 kwa kila sehemu, yaani 40 kwa jumla, bila kuhesabu maandalizi maalumu.

Hapo ndipo panapopatikana matumizi sahihi ya alama ya PSAT kama utabiri. Mwenye 1150 mwezi wa Oktoba anaweza kutarajia SAT yake iangukie karibu na hapo au juu kidogo. Hata hivyo kila mtihani una kosa la upimaji, na alama ya mtu huweza kupanda au kushuka kwa makumi kadhaa bila uwezo wake kubadilika. Kupanda kutoka 1150 hadi 1180 huenda kusiwe na maana yoyote. Kupanda hadi 1300 ni ishara ya kujifunza.

Uzito wa matokeo

Tofauti kubwa ya mitihani hii iko nje ya maswali. Matokeo ya PSAT hayatumwi vyuoni na hayatumiki katika udahili. Mwanafunzi aliyefanya vibaya amepoteza asubuhi moja na amepata orodha ya mada za kurudia. Matokeo ya SAT yanaweza kusomwa na kamati ya udahili, na baadhi ya vyuo huyatumia pia kugawa misaada ya masomo.

Hata hivyo, uzito wa SAT umepungua na kuongezeka kwa zamu katika miaka ya karibuni. Janga la Uviko mwaka 2020 lilifunga vituo vya mitihani, na vyuo vingi vikaacha kuidai. Mfumo wa Chuo Kikuu cha California uliacha kabisa kuitazama katika udahili. MIT ilirudisha sharti hilo mwaka 2022, na mwaka 2024 Dartmouth, Yale, Brown na Harvard zikatangaza kulirudisha. Anayeomba chuo kisichodai SAT anafanya mtihani wenye maswali yaleyale lakini uliopungua uzito, na ana hiari ya kutotuma alama zisizomridhisha.

Lipo kundi moja ambalo kwao mambo yamegeuka juu chini: wanaowania ufadhili wa National Merit. Kila mwaka zaidi ya wanafunzi milioni 1 wa Marekani huingia katika kinyang'anyiro hicho, na takribani 16,000 hufika nusu fainali. Wanaochujwa hupimwa kwa kipimo kinachopatikana kwa kuzidisha alama za Kusoma na Kuandika mara mbili, kuongeza za Hisabati, kisha kugawanya kwa 10. Kilele chake ni 228. Matokeo ya hesabu hiyo si madogo. Mwanafunzi mwenye 740 ya kusoma na 680 ya hisabati hupata 216. Mwenzake mwenye 680 ya kusoma na 740 ya hisabati hupata 210. Jumla yao ni moja, 1420, lakini wa pili ameachwa nyuma kwa hatua sita.

Mpaka wa kufuzu hutofautiana pia kwa jimbo, kwa kuwa nafasi hugawanywa kulingana na idadi ya wahitimu wa kila jimbo. Massachusetts na New Jersey huwa miongoni mwa majimbo yenye mipaka ya juu, na umbali kati yake na majimbo ya chini huzidi alama 10. Karatasi ni ileile, ila mwanafunzi wa New Jersey anatakiwa kukosea maswali machache zaidi kuliko wa Wyoming.

Kinachoikaza zaidi PSAT kwa kundi hili ni kwamba nafasi ni moja. Kinachohesabiwa ni mtihani wa Oktoba wa darasa la 11. Mgonjwa au aliyekosa usingizi siku hiyo hana kwa kawaida njia ya kurudia mwaka unaofuata. SAT hutolewa mara kadhaa kwa mwaka, na vyuo vingi huchukua alama bora za kila sehemu kutoka tarehe tofauti. Kwa hiyo mtihani kamili, pamoja na uzito wake wote, unasamehe. Mtihani wa awali, kwa wale wachache wanaoutegemea kwa ufadhili, hausamehe.

Mifumo mingine

Uhusiano huu wa PSAT na SAT ni namna moja tu ya kupanga mtihani wa awali na mtihani kamili. ACT, mshindani wa SAT, ina PreACT, na huko pia dari imeshushwa kidogo: ACT hufika 36, PreACT 35. Kanuni ni ileile ya mizani moja iliyokatwa juu.

India imepanga kinyume. Anayetaka kuingia katika vyuo vya teknolojia vya IIT hufanya kwanza JEE Main, kisha takribani 250,000 bora ndio huruhusiwa kufanya JEE Advanced, yenye karatasi mbili za saa tatu kila moja kwa siku moja. Hapo mtihani wa kwanza ni mlango, na wa pili hutungwa makusudi uwe mgumu mno kuliko wa kwanza, kwa sababu lazima uwapange watu ambao tayari ni hodari. Alama za kwanza haziwezi kusomwa kama utabiri wa za pili, kwani kinachopimwa kimebadilika.

Mtihani wa utimilifu unaofahamika Tanzania, na mock za Kenya, ni namna ya tatu. Hutungwa na watu wengine, mara nyingi katika ngazi ya mkoa, wilaya au shule, na husahihishwa na walimu wa huko. Sura yake huiga mtihani wa taifa, lakini hakuna kazi ya kitaalamu ya kuunganisha mizani ya alama. Watungaji wakiamua kukaza ili wanafunzi wasibweteke, au kulegeza ili wasikate tamaa, daraja la mtihani huo hupanda au kushuka bila kueleza chochote kuhusu mtihani wa mwisho. Mwalimu mwenye uzoefu hujua kwamba daraja la pili katika utimilifu uliokazwa linaweza kuwa habari njema kuliko la kwanza katika uliolegezwa. PSAT imeepuka tatizo hilo kwa sababu mtungaji ni mmoja na kipimo ni kimoja.

Waombaji wa vyuo vya Marekani kutoka Afrika Mashariki huathiriwa na jambo hili kwa njia ya pekee. PSAT hupatikana katika shule chache, hasa za kimataifa, na ufadhili wa National Merit haukukusudiwa wao. Wengi hukutana na SAT bila kupitia mtihani wa awali kabisa. Kwao ugumu wa Kusoma na Kuandika unaongezwa na Kiingereza cha lugha ya pili, ilhali Hisabati, kwa aliyesoma vizuri aljebra ya sekondari, huwa sehemu ya kukusanyia alama. Mazoezi kamili yaliyomo katika Bluebook, ambayo hayalipiwi na hutumia utaratibu uleule wa moduli, yanaweza kufanya kazi ya PSAT mradi yafanywe kwa muda uliowekwa na katika kikao kimoja.

Hukumu kwa kila kundi

Kwa mwanafunzi wa kiwango cha kati, mitihani hii miwili ni migumu sawa kwa vitendo. Maswali yanayoitofautisha yako juu ya uwezo wake katika yote miwili, na alama ya mmoja inasomeka kama alama ya mwingine. Kwa mwanafunzi wa kilele, SAT ina maswali magumu zaidi na inahitaji mada za ziada, hasa za duara; PSAT inadai usahihi wa karibu kila swali na haimwambii amezidi dari kwa kiasi gani. Kwa anayewania National Merit, PSAT ndiyo nzito, kwa sababu ya nafasi moja na mpaka wa jimbo lake. Kwa asiyewania, PSAT ni kipimo cha mahali alipo, na maandalizi yanayofaa ni kuisoma ripoti yake mada kwa mada kabla ya kuchagua tarehe ya SAT. Katika makundi yote, alama ya awali haipaswi kuongezwa wala kupunguzwa chochote kabla ya kuilinganisha na alama kamili. Kinachoongezwa ni masomo ya miezi iliyo katikati.